Taa ya Njano Kwenye Gari ya Maternité

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 2003. Baraka.

Taa ya njano imewaka. Kijitaa kidogo tu, mbele ya usukani, chenye picha ya injini. Sijawahi kuiona ikiwaka. Mama Pulchérie, mkunga wetu, alikuwa amekaa pembeni yangu. Akauliza inasema nini. Nikamjibu inasema mafuta yanatosha. Akamshukuru Mungu.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Gari hii ilipovushwa kutoka Kigoma, zawadi ya makanisa kwa maternité, nyumba yetu ya uzazi, kamati ilitafuta fundi anayejua magari ya kompyuta. Nikasimama mimi. Nikasema mambo hayo nilisomea Bujumbura. Bujumbura! Nilisimama mlangoni mwa gereji moja ya kule, mchana mmoja, nikingoja mvua ikatike. Kweli nilimwona mtu akifungua kitu chenye waya nyingi. Mvua ikakatika, nikaondoka.

Mimi ni fundi wa malori ya kizamani. Lori la kizamani likiugua linavuja, linakohoa, linatoa moshi. Hata kipofu atakuambia linaumwa wapi. Hii nyeupe inanyamaza tu na kukuwashia taa. Kama Adolphine, mke wangu, siku niliyosahau kununua chumvi.

Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Binti yetu Clarisse ana mimba ya miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, kambini kule ng'ambo ya ziwa, ambako mume wake Dieumerci amebaki mpaka leo. Mama Pulchérie amesema wazi: huyu wa pili asijaribiwe Baraka. Uchungu ukianza tu, Clarisse apande gari, apelekwe Nundu kwa daktari wa kupasua. Gari inayotembea hapa mjini ni moja. Fundi wake ni mimi. Masikini Clarisse.

Mpango: kesho taa itafunikwa kwa plasta ya vidonda.

Jumanne, tarehe 4.

Asubuhi gari ilikataa kuwaka. Saa sita, jua likiwa kali, ikawaka bila maneno. Nimefikiri sana na nimeelewa: ina tabia ya mkubwa wa bureau ya serikali. Mapema haiko kazini.

Plasta haikufaa. Mwanga ulipita katikati yake, taa ikawa kama jicho la mtu mwenye homa. Kisha joto likaibandua, ikaanguka mapajani mwa Mama Pulchérie. Akauliza nimeumia wapi. Nikamwonyesha kidole kizima. Akakifunga.

Ikabidi nichukue hatua ya kifundi. Nikafungua ubao wa mbele kwa kisu cha Adolphine, nikachomoa ile ampuli yenyewe, balbu yake, nikaitia katika mfuko wa shati. Nikafunga. Skrubu tatu zikabaki mkononi. Zilikuwa nyingi mno tangu mwanzo.

Taa haipo tena. Kwa hiyo ugonjwa haupo tena.

Adolphine akataka kisu chake. Nikamweleza kwamba kisu kinatumikia afya ya taifa. Akasema basi taifa litakula mihogo na maganda yake.

Jioni Lionel akapita mbele ya gereji, polepole, akinusa hewa. Huyu Lionel tulijifunza kazi pamoja, mimi na yeye, tukifunga springi za malori kwa kamba za katani. Vita vilipoanza akakimbilia Kigoma. Sasa amerudi na miwani, na sanduku jeusi ambalo anasema linasoma magari. Tuna umri mmoja, lakini ananiita mukubwa, mbele ya watu, ili wajue kuwa mimi ni wa zamani. Akauliza nyeupe inaendeleaje. Nikasema haijawahi kuwa na afya kama hii.

Jumatano, tarehe 5.

Aibu.

Asubuhi imekataa tena. Nikaitibu kama lori. Nikasugua buji zinazotoa cheche, nikapuliza mpira wa petroli mpaka nikawa na ladha yake kinywani, nikapiga tanki kwa kiatu. Hapana. Nikaamua isukumwe. Bamama wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini, nikawaomba. Wakasukuma wakiimba, kutoka maternité mpaka sokoni. Soko zima likasimama kutazama. Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa nzuri sana. Injini haikuitikia.

Saa sita ikawaka yenyewe, mimi nikiwa nakula.

Nikamwambia Mama Pulchérie kwamba tuna gari nzima, ila Clarisse ahimizwe kuzaa mchana. Akasema ataitwa Lionel. Nikasema hakuna haja. Nikasema magari haya yana wivu, yakishikwa na mafundi wawili yanaharibika. Akasema yeye hakuwa anauliza.

Clarisse alikuwa amekaa mlangoni na miguu imevimba kama mikate. Aliniuliza tu kama kutoka hapa mpaka Nundu kuna milima mingi. Nikamwambia hapana, ni kando ya ziwa, njia imelala vizuri. Sikumwambia habari za madaraja. Madaraja mengine ni mbao mbili, na ubao mmoja huwa umekwenda kupikia.

Alhamisi, tarehe 6.

Lionel alikuja asubuhi mapema, amevaa shati jeupe. Nani anatengeneza gari akiwa na shati jeupe? Akafungua sanduku lake. Ndani mna mashine yenye kioo na waya mnene. Watu wakasogea. Akatafuta mahali pa kuuchomeka. Akatafuta chini ya usukani, akatafuta chini ya kiti, akapiga magoti. Waya hauingii popote! Mashine yake ni ya magari ya Wazungu, na hii ni ya Wajapani. Nilifurahi kiasi kwamba nilimletea stuli akae.

Furaha haikudumu. Lionel akaomba kipande cha waya wa kawaida. Akainua kapo, kifuniko cha injini, akafungua kijisanduku cha plastiki pembeni ya injini, chenye vitundu vingi. Akaunganisha vitundu viwili. Akawaeleza watu, kwa sauti ya mwalimu, kwamba gari hii haihitaji hata mashine. Inasema yenyewe. Ukiunganisha hapa, kile kijitaa cha njano kinaanza kukonyeza; unahesabu makonyezo, namba inakupa jina la ugonjwa.

Kijitaa cha njano.

Watu wote wakainama kutazama mbele ya usukani. Nami nikainama. Ampuli ilikuwa katika mfuko wa shati langu, inanigusa kifua.

Tukangoja. Giza. Lionel akabadilisha waya. Giza. Akapangusa miwani, akaunganisha upya. Hata kidogo. Kisha akasimama wima, akamwambia Mama Pulchérie:

"Mama, ile kompyuta yake ilishakufa. Kama iko inawaka saa sita, ni pumzi ya mwisho. Mi siwezi kufufua maiti."

Mama Pulchérie akasema basi gari hii haimpakii mama mwenye mimba. Ikizimika kati ya bariyeri mbili za askari, je? Clarisse alikuwa hapo. Akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa kitenge.

Ilitosha mimi kutia vidole viwili mfukoni. Ilitosha kusema neno moja. Nikafungua kinywa. Nikasema kwamba leo kuna joto.

Mimi ni shemasi kanisani. Sijala jioni. Bugali imelala bila kuguswa.

Ijumaa, tarehe 7.

Mpango wangu mkubwa kuliko yote. Nauandika wote.

Kulipopambazuka, kabla ya watu kuamka, nikaingia ndani ya gari na kisu. Nikarudisha ampuli mahali pake. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba. Nikawaambia watu kwamba nimeoteshwa: gari iombewe. Wakaja wengi. Nikawaambia waweke mikono juu ya kapo, nikaomba mwenyewe, kwa urefu, mpaka bati likaanza kupata joto na watu wakaanza kuinua kiganja kimoja kimoja. Amina. Nikamgeukia Lionel, nikamwomba kwa unyenyekevu ajaribu mara moja tu tena.

Akaunganisha. Taa ikakonyeza mara mbili. Ikapumzika. Mara mbili tena. Ishirini na mbili! Bamama wakapiga vigelegele. Mmoja akaanguka.

Lionel akatazama kitabu chake. Namba hiyo ni ya kipimajoto cha maji ya injini. Akafuata waya wake kwa kidole mpaka nyuma, akakuta panya ameutafuna. Hiyo tu. Akaeleza kwamba kompyuta, ikikosa habari za joto, inadhani injini ni ya moto tayari, na asubuhi inaipa petroli ya kunyimana. Mchana injini ikipashwa na jua, inajikaza na hicho kidogo. Akaunga waya, akafunga kwa utepe. Ikawaka kwa ufunguo mmoja, nayo bado asubuhi.

Clarisse akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Watu wakamtukuza Mungu, kisha Lionel, kisha wakanipongeza kwa ndoto. Nilikuwa napokea pongezi vizuri kabisa mpaka Lionel alipochungulia mbele ya usukani, akaona ubao unaning'inia na alama nyeusi za vidole kwenye kioo cha taa. Akanisogelea. Akasema chini chini:

"Mukubwa, malaika wako anatumia grisi."

Akanipa kitambaa nifute. Hakumwambia mtu. Hicho ndicho ninachoshindwa kumsamehe.

Jumamosi, tarehe 8.

Siku ya utukufu, mpaka saa tisa. Niliendesha nyeupe mpaka mtoni na kurudi, dirisha wazi, mkono nje. Nikawapungia hata watu nisiowapenda.

Saa tisa habari ikafika: wenye bunduki wameshuka upande wa Lubondja, wanaelekea mjini. Hatuulizi tena ni kina nani. Tunauliza wanachukua nini. Safari hii, wanasema, wanachukua magari.

Sasa, kila aliyewahi kuwa na gari Baraka anajua la kufanya. Ndiyo desturi yetu tangu vita hivi vianze: unaitoa gari moyo, unauficha. Kwa lori unatoa kile kidude cha ndani ya delco, kinachogawa cheche za injini, unakitia mfukoni. Askari wanazungusha ufunguo mpaka wanachoka, wanatukana, wanakwenda. Kesho yake unarudisha moyo, maisha yanaendelea. Nimeokoa hivyo malori mengi kuliko niliyotengeneza.

Nyeupe haina delco. Lionel akasema nitoe fyuzi ya pompu ya petroli, kitu kama ukucha, ambacho hata kinywani kinafichika. Nikamwambia hata askari wa juzi anajua kutafuta fyuzi. Moyo wa gari ya kompyuta ni kompyuta. Akasema tafadhali, mukubwa, hiyo usiiguse. Akisema tafadhali ujue anaogopa kushindwa.

Nikaichomoa chini ya ubao, imara, ya bati, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Wapi pa kuificha? Chini ya kitanda wanatazama. Ardhini wanachimba. Ndani ya unga wanatia mkono. Ndipo nikaona uchaga wa Adolphine juu ya moto wa jikoni, umejaa mikeke, samaki anaowakausha kwa ajili ya safari ya uzazi. Nikaifunga kompyuta kwa jani la mgomba, kama samaki wengine, nikailaza katikati yao, mbali kidogo na moshi. Nikarudi nyuma kutazama. Hata mimi sikuweza kuitambua.

Wakati mwingine najishangaa.

Jumapili, tarehe 9.

Walikuja baada ya ibada. Wakaenda moja kwa moja kwenye nyeupe. Wakazungusha ufunguo. Kimya. Wakafungua kapo, wakatazama fyuzi moja moja, zote zipo. Wakaitukana kwa lugha tatu. Mkubwa wao akaniuliza ina nini. Nikasema imekufa, bwana, tulikuwa tunatafuta jinsi ya kuizika. Akaiacha! Nilimtazama Lionel katikati ya watu. Nilimtazama kwa muda mrefu.

Kisha wakasikia njaa.

Wakaingia majikoni. Kwetu waliinua uchaga wote, wakaumimina ndani ya gunia. Wote. Na majani yao. Adolphine akalia kwa ajili ya samaki wake. Mimi nililia zaidi, hata yeye akashangaa, akanishika bega, akasema ni samaki tu, baba Clarisse, tutapata wengine.

Nikalifuata gunia mpaka bariyeri. Nikamwomba mkubwa wao anirudishie samaki mmoja. Akauliza kwa nini mmoja. Nikasema ni wa binti yangu mja mzito. Akauliza yupi. Ningesema nini? Nikisema ni kompyuta, atataka gari. Nikasema yule mpana. Akacheka, hakuwa mtu mbaya sana siku hiyo, akatia mkono guniani na kunipa mkeke mdogo, mkavu, mwenye kichwa kilichokatika. Akangoja. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Nilikuwa bado nimesimama pale na samaki wangu wakati kijana mmoja wa bunduki alipofungua jani moja ili ale. Akaona bati na misumari midogo midogo ya dhahabu. Akapiga kelele kwamba ni bomu. Wote wakalala chini. Mmoja mwenye ujasiri akaichukua kwa ncha za vidole, akakimbia mpaka ufukweni, akaitupa.

Alikuwa na mkono mrefu. Ilikwenda mbali sana.

Jumatatu, tarehe 10. Naandika ndani ya boti, penseli inaruka.

Uchungu ulimshika Clarisse alfajiri. Adolphine akaniambia niwashe gari. Nikatoka nje. Ilikuwa pale, nyeupe, imeoshwa, waya zake zinaning'inia chini ya ubao kama matumbo. Nikasimama mbele yake. Nilitamani uchungu ule ungekuwa wangu.

Mama Pulchérie akaja mbio na kikapu chake.

"Papa Asukulu, unangojea nini? Rudisha kompyuta."

"Iko mu ziwa, mama."

"Ginsi gani mu ziwa?"

"Ilienda na samaki."

Hakunitukana. Alikaa chini, palepale kwenye udongo, mwanamke aliyezalisha nusu ya mji huu, akaweka mikono kichwani. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo nani anaweza kubeba mgonjwa kwa kipoyi mpaka Nundu, na mabega mangapi yamebaki Baraka baada ya vijana wote kukimbia. Hayakutosha.

Lionel ndiye aliyekuja kusema kwamba shemeji yake ana boti yenye mota. Mota ya kizamani, ya kuvuta kwa kamba. Ukitaka kujua inaumwa wapi, unaiangalia.

Tuko majini sasa. Lionel anaendesha. Mama Pulchérie amemlaza Clarisse mapajani, juu ya koti la Lionel. Mimi ninatoa maji kwa kopo, boti inavuja, na kopo likipumzika naandika. Tumepita vijiji ambavyo havina moshi hata mmoja. Nilianza kumweleza Clarisse kwamba kuificha kompyuta kati ya samaki lingekuwa wazo zuri kabisa kama wale askari wasingekuwa na njaa. Akafumbua macho.

"Papa, nyamaza. Toa maji tu."

Nimetoa maji. Karibu na Mboko alikamata mkono wangu, akauuma. Sijautoa. Ni kitu pekee nilichomfaa nacho wiki hii nzima.

Lionel hajasema neno lolote juu ya fyuzi. Nimengoja njia yote aseme.

Jumanne, tarehe 11. Nundu.

Walimwingiza tukiwa hata hatujakauka. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu zaidi, angekuwa na kazi nyingine. Hakusema ipi. Mama Pulchérie akatoka nje, akageukia ukuta.

Mtoto wa kiume. Anapumua. Clarisse amelala, mweupe midomoni, lakini amelala usingizi wa walio hai, sio ule mwingine. Nimekaa chini ya dirisha lake tangu jana nikimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hata hapa. Nimemwahidi mengi.

Asubuhi hii ameamka. Nikamwuliza jina, nikitarajia, kama ilivyo kawaida yetu, jina la babu.

"Anaitwa Lionel," akasema, na akafumba macho tena.

Jina zuri. Fupi.

Nikatoka kupata hewa. Kwenye geti kuna gari ya wageni, mpya kabisa, kapo juu, na dereva wake amesimama mbele yake akijikuna kisogo. Nikachungulia ndani kwa heshima tu. Mbele ya usukani kulikuwa na taa, tena sio moja: tatu, za rangi mbalimbali. Dereva akaniambia lazima wafike Uvira leo, kuna mgonjwa wanamfuata. Akaniuliza kama hapa Nundu kuna mtu anayeelewa magari ya namna hii.

Lionel amelala ndani ya boti. Amechoka, masikini, ameendesha siku nzima. Si vizuri kumwamsha.

Adolphine, aliyetufuata na boti ya asubuhi, ameita kutoka dirishani: mjukuu amefungua macho, nije nimpokee kabla hajalala tena. Nikamwambia nakuja, dakika moja tu. Nikamwomba dereva ufunguo wa boliti, namba kumi.

Kifuniko cha kompyuta kimefunguka kwa urahisi sana. Ni ishara nzuri.